Sanduku la Kumnasa Mwizi wa Kuku



Karibu kila kijiji tunachotembelea, kilio ni kimoja. Jioni mama amefungia kuku 12. Asubuhi anahesabu 11. Manyoya yametapakaa mlangoni. Kesho kutwa anahesabu 10. Baba anasema ni paka wa jirani. Mama anasema ni vijana wa pale njia panda. Maneno yanaanza kati ya nyumba na nyumba. Mwishowe anatokea mtu mmoja na kutoa shauri: "Kwa nini mnajisumbua? Pakeni sumu kwenye nyama, muiache nje. Maneno yatakwisha."

Makala yetu ya leo inalijibu shauri hilo. Sisi tunasema: Msitie sumu. Iko njia nyingine. Ni sanduku la mbao ambalo mtu ye yote anayejua kushika msumeno na kusoma futikamba anaweza kulitengeneza kwa siku moja. Mbao za mabaki zinatosha. Fedha itakayotoka mfukoni ni ya misumari na kipande cha wavu tu.

Hasara si ya kuku mmoja

Wako watu wanaosema, "Aa, kuku mmoja tu!" Hebu tushike kalamu tupige hesabu.

Tuseme Mama Neema ana mitetea 6. Tuseme kila mtetea anaatamia mara 2 kwa mwaka, na kila mara vifaranga 6 wanapona mpaka wanakuwa wakubwa. Basi mtetea mmoja anampa kuku 12 kwa mwaka. Mwizi akichukua mtetea mmoja mwanzoni mwa mwaka, Mama Neema hakupoteza kuku mmoja. Amepoteza huyo mmoja pamoja na wale 12 ambao wangetoka kwake. Akichukuliwa mitetea 3, hesabu ni 3 mara 13, yaani kuku 39.

Hao kuku 39 ni madaftari ya watoto. Ni sabuni, ni chumvi, ni nauli ya kwenda hospitali usiku. Katika nyumba nyingi za vijijini, ng'ombe ni wa baba lakini kuku ni wa mama. Kuku ndio akiba yake. Kwa hiyo anayesema "kuku mmoja tu" hajapiga hesabu.

Kwanza mjue mwizi

Usitege kabla hujajua unamtega nani. Wezi wa kuku ni wengi, na kila mmoja ana desturi yake.

Kanu ni mnyama mwembamba, mrefu kama paka, mwenye madoa mwilini na mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe. Hutembea usiku. Ni hodari wa kupanda miti na kuta. Akiingia bandani anaweza kuua zaidi ya mmoja, akala kidogo na kuwaacha wengine wamelala hapo hapo.

Nguchiro wako wa aina nyingi. Yule mdogo mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia hutembea mchana. Huyu hupenda vifaranga na mayai. Yule mkubwa mwenye mkia mweupe hutembea usiku. Wale wanaotembea kundi zima hula zaidi wadudu, na si wezi wakubwa.

Kicheche ni mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, na akiudhiwa hutoa harufu kali mno. Majina haya hubadilika toka mahali hadi mahali. Wako wanaomwita nguchiro kicheche. Kwa hiyo mtazame mnyama mwenyewe, usitazame jina peke yake.

Fungo ni mkubwa kuliko hao wote. Ana madoa na mistari, na uso wake una weusi machoni kama aliyefungwa kitambaa.

Wako pia mwewe, kenge, nyoka na mbwa. Kifaranga akitoweka mchana kweupe uwanjani, mtazame mwewe angani kabla hujalaumu mnyama. Nyoka humeza yai zima, haachi hata ganda. Na mwizi wa miguu miwili haachi manyoya wala damu. Hubeba kuku, akarudisha komeo. Sanduku letu halitamsaidia mtu huyo, wala halitamnasa!

Tena kuku wakifa wengi bila jeraha, shingo zimepinda, wanaharisha kijani, huyo si mnyama. Huo huenda ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Mwoneni bwana mifugo upesi.

Njia rahisi ya kumjua mwizi ni majivu. Jioni nyunyiza majivu laini au mchanga mwembamba mbele ya mlango wa banda na kuzunguka kuta. Asubuhi kabla ya kufungulia kuku, kasome. Nyayo za kanu hufanana na za paka, kucha hazionekani sana. Nyayo za nguchiro huonyesha kucha wazi. Mbwa vile vile huonyesha kucha, lakini mguu wake ni mpana zaidi. Mnyama naye huandika, nasi tumekwisha jifunza kusoma.

Sumu haichagui

Sasa turudi kwa yule mwenye shauri la sumu. Watu huchukua dawa ya pamba au dawa ya kuogeshea mifugo, wakaipaka kwenye nyama au wakaitia ndani ya yai. Wanafikiri mwizi ndiye atakayekula. Lakini nani aliyemwambia mbwa wako kwamba nyama ile si yake? Nani aliyemwambia mtoto wa miaka mitatu kwamba yai lile lina sumu?

Sumu husafiri. Kanu akila, anakwenda kufia porini. Mbwa anamla kanu, naye anakufa. Tai wanamshukia mbwa, nao wanakufa hapo hapo. Mvua ikinyesha, yaliyobaki yanateremka kisimani au mtoni. Mwezi wa Aprili mwaka 2018, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa, wakubwa kwa watoto, na ilidhaniwa kwamba walikula nyama yenye sumu. Kama simba hakupona, je, mtoto atapona? Tai wa Afrika wamepungua sana katika miaka hii, na sumu ni moja ya sababu kubwa. Tai wakiisha, mizoga itabaki ikioza karibu na nyumba zetu.

Sanduku halifanyi hivyo. Likimnasa paka wa jirani, unafungua mlango anakwenda zake. Likimnasa kuku wako mwenyewe, utacheka. Kosa la sanduku linasahihishwa. Kosa la sumu halisahihishwi.

Sanduku si jambo geni duniani. Huko Canada na Alaska yuko mnyama mdogo wa misituni anayeitwa marten. Ni jamaa wa kicheche na nyegere wetu, na watu humwinda kwa ajili ya manyoya yake. Wawindaji humtengenezea visanduku vya mbao za mabaki, wakavifunga juu ya mti ili theluji isivifukie. Wao huweka ndani chuma cha kuua. Letu litamshika mnyama akiwa hai. Lakini siri ni ile ile. Wanyama wa namna hii wana udadisi. Wakiona tundu lenye giza, na ndani mnanukia chakula, hutaka kuingia kutazama.

Kabla ya kutega, ukaseme

Jambo hili ni la lazima, wala si la hiari. Tanzania tuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi wote. Kuwinda au kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa, hata kama mnyama mwenyewe ni mdogo kama paka.

Kwa hiyo fanya hivi. Mweleze Mtendaji wa Kijiji hasara uliyopata. Yeye atakupeleka au atapeleka habari kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, yule ambaye wazee walimwita bwana nyama. Mwulize: Je, naruhusiwa kutega sanduku? Nikimnasa, nifanyeje? Akikubali, omba akuandikie. Karatasi hiyo itunze pamoja na kadi zako nyingine. Kama banda lako liko jirani na hifadhi, usiguse cho chote mpaka umejibiwa.

Vifaa

Mbao zinazofaa ni mabaki ya fundi seremala, mabanzi ya kiwanda cha mbao, au makreti yaliyovunjika. Kama upana hautoshi, unganisha vipande viwili. Unene uwe kama sentimeta 2 na nusu. Kata hivi:

Sakafu: kipande 1, urefu sm 100, upana sm 30.
Kuta: vipande 2, kila kimoja sm 100 kwa sm 30.
Paa: kipande 1, sm 91 kwa sm 30.
Mlango: kipande 1, urefu sm 32, upana sm 24.
Miongozo ya mlango: fito 4 za mbao, kila moja urefu sm 65, upana sm 3, unene sm 2.
Vizibo: vipande 2 vya sm 20 kwa sm 3.
Nguzo: miti 2 iliyonyooka, sm 75 kila mmoja.
Mtambaa: mti 1 wa sm 35.
Wenzo: mti 1 mwepesi mkavu, sm 90.
Kijiti cha kufyatua: 1, urefu sm 35, unene kama kidole gumba.

Pamoja na hivyo, tafuta kipande cha wavu wa chuma wenye matundu madogo, sm 30 kwa sm 35. Usitumie wavu mwembamba wa kuku, utatafunwa. Tafuta misumari ya inchi 2 na ya inchi 1 na nusu, kamba ya katani kiasi cha mita 2, na kipande cha ndara kuukuu. Zana ni msumeno, nyundo, patasi, kisu na futikamba.

Asiye na futikamba asikate tamaa. Rula ya mtoto ya shule ni sm 30. Pima ufito mrefu mara tatu, ongeza sm 10, utapata mita moja. Hesabu tulizojifunza darasani zina kazi hapa.

Kutengeneza

Kwanza, laza sakafu chini. Simamisha kuta mbili juu ya kingo zake, kushoto na kulia. Pigilia kutoka chini kwa misumari ya inchi 2. Sasa una mfereji wenye nafasi ya sm 25 ndani.

Pili, weka miongozo. Kila ukuta utapata fito mbili kwa upande wa ndani, zikisimama wima mdomoni mwa sanduku. Ya kwanza iwe mwisho kabisa mdomoni. Ya pili iwe nyuma yake, ukiacha nafasi ya sm 2 na nusu au zaidi kidogo. Mlango utapanda na kushuka katika nafasi hiyo, kama dirisha la basi. Fito hizi zitajitokeza juu ya kuta. Ziache hivyo, ndizo zitakazoshika mlango ukiwa juu.

Tatu, jaribu mlango kabla ya kuendelea. Uingize katika nafasi yake, uinue, uachie. Uanguke wenyewe bila kusukumwa. Ukikwama, upunguze ubavuni kwa kisu au tupa. Mbao hunyonya maji na kuvimba wakati wa mvua, basi usiubane mno. Ukingo wa chini wa mlango upigilie kipande cha ndara. Sababu yake ni mkia. Kanu ana mkia mrefu, na mlango wa mbao tupu unaweza kumvunja.

Nne, pigilia kizibo kimoja sakafuni, katikati ya ile miongozo miwili ya nyuma. Hicho ndicho kizingiti. Kinamzuia mnyama asitie kucha chini ya mlango na kuuinua.

Tano, weka paa. Lianzie nyuma kabisa, liishie pale ilipo miongozo. Utaona pengo dogo limebaki kati ya paa na mlango. Liziba kwa kizibo cha pili.

Sita, nyuma ya sanduku pigilia wavu wa chuma. Misumari iwe mingi, ikunje juu ya wavu. Wavu huingiza hewa. Tena mnyama akiona mwanga upande wa pili, hudhani kwamba ni njia ya kupita, haogopi.

Saba, toboa tundu la mraba katika paa, sm 4 kila upande, sm 20 kutoka nyuma. Tumia patasi, au choma kwa chuma cha moto.

Nane, pigilia nguzo mbili nje ya kuta, moja kila upande, sm 35 kutoka mdomoni. Juu yake funga mtambaa. Zitafanana na goli la mpira. Juu ya mtambaa laza wenzo, mbele ukielekea mlangoni na nyuma ukielekea kwenye tundu. Ufunge kwa kamba katikati, lakini usiukaze. Lazima upande huku na kushuka kule, kama watoto wanaobembea juu ya gogo.

Tisa, chonga kijiti cha kufyatua. Hapa ndipo penye ufundi. Pima sm 10 kutoka juu. Kuanzia hapo kwenda juu, chonga pengo lenye urefu wa sm 3 na kina cha nusu sentimeta. Ukingo wa chini wa pengo uwe umekatwa sawasawa, usiwe mteremko. Kijiti kikipita katika tundu la paa, ukingo huo ndio utakaoshika chini ya paa. Pengo litazame mlangoni.

Kumi, funga kamba. Mbele, kutoka wenzo hadi juu ya mlango. Nyuma, kutoka wenzo hadi juu ya kijiti. Rekebisha urefu wa kamba mpaka mlango uwe umeinuka kama sm 25 wakati kijiti kimeshika paani.

Sasa tazama linavyofanya kazi. Mlango una uzito, unavuta mbele ya wenzo kwenda chini. Nyuma ya wenzo inataka kupanda, inakivuta kijiti. Lakini kijiti kimeshika paa, hakitoki. Mnyama anaingia, anakwenda kwenye chakula kilicho nyuma ya kijiti. Anakisukuma kwa pua au bega. Pengo linaachia paa, kijiti kinaruka juu, mlango unaanguka. Basi!

Lijaribu mara kumi kwa kutumia ufito kabla ya kuliamini. Kama kijiti ni kigumu kufyatuka, punguza kina cha pengo. Kama kinafyatuka chenyewe, ongeza. Kama mlango ni mwepesi, ufungie jiwe la kilo 1, kwa sababu mnyama aliyenaswa ana nguvu na ana akili.

Kutega

Weka sanduku mahali mwizi anapopita, kandokando ya ukuta wa banda au kwenye njia yake ya majani. Lisitikisike. Mnyama akikanyaga sakafu ikacheza, atarudi nyuma. Paa lifunike kwa nyasi na matawi ili lifanane na kichaka, lakini usizuie wenzo. Mbao mpya hunukia. Zipake udongo wa hapo hapo.

Chambo kiwe kitu chenye harufu: utumbo wa samaki, kichwa cha kuku, dagaa waliolowana, au yai lililopasuliwa. Kiweke nyuma kabisa, kati ya kijiti na wavu. Dondosha vipande viwili vitatu vidogo tangu nje mpaka mdomoni. Usitumie kifaranga hai. Ni ukatili, na unampa mwizi kile kile unachomnyima.

Usiku mitatu ya kwanza usitege. Funga mlango ukiwa juu kwa kamba, weka chambo tu. Mwache ale, azoee. Usiku wa nne fungua kamba, tega. Haraka ndiyo inayoharibu mitego mingi.

Kama mwizi wako ni wa usiku, tega magharibi na fungua alfajiri. Mchana mlango uwe chini ili kuku wasiingie. Kama ni nguchiro wa mchana, weka sanduku kivulini, nenda ukalitazame kila saa. Mnyama aliyefungiwa juani atakufa kwa kiu na joto. Tunasema tena: sanduku lililotegwa litazamwe kila asubuhi bila kukosa. Ukisafiri, funga mlango. Asiyeweza kulitazama kila siku asilitege.

Asubuhi ukimkuta

Usimpeleke mkono. Usimchokoze kwa ufito kupitia wavuni. Waondoe watoto na mbwa. Funika sanduku lote kwa gunia, maana gizani mnyama hutulia. Kisha fanya kama alivyokuelekeza Afisa Wanyamapori. Ikiwa alisema afunguliwe, simama mbali, nyuma ya sanduku, uvute mlango juu kwa kamba ndefu ya mita 3 au 4. Usimuue, usimchune, usimle.

Sababu kubwa ya kutomgusa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huitwa wa mbwa, lakini kanu, nguchiro na fungo nao wanaweza kuwa nao. Mnyama wa usiku akizurura mchana bila woga, au akikufuata, mwogope. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Halafu aende hospitali siku ile ile kuchanjwa. Asingoje aone dalili. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikiwahi, hupona. Majani na chale havitibu ugonjwa huu.

Banda ndilo kufuli

Mwisho, tuseme ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Sanduku linamwondoa mwizi mmoja. Baada ya muda, mwingine atakuja kuishi mahali pake, kwa kuwa chakula bado kipo na mlango bado uko wazi. Ukitega mwaka mzima bila kutengeneza banda, utakuwa unachota maji kwa pakacha.

Tena kanu na nguchiro si adui kila siku. Usiku ambao hawali kuku, wanakula panya wanaomaliza mahindi yako ghalani. Nguchiro hula nyoka na wadudu pia. Tukiwamaliza wote, panya watashangilia. Tunachotaka sisi ni wakale panya, waache kuku.

Kwa hiyo inua banda juu ya nguzo, kama mita 1 kutoka chini. Kila nguzo ivalishe bati laini ili mpandaji ateleze. Kata matawi yanayogusa paa. Ziba kila tundu ambalo yai linaweza kupita. Mlango uwe na komeo la kweli, si kipande cha gunia. Kuku waingie kabla jua halijazama. Mabaki ya nyama na utumbo wa samaki yafukie, yasibaki uwanjani kuita wageni.

Banda likiwa zuri, sanduku utalihitaji mara chache tu. Kwa sababu hiyo si lazima kila nyumba iwe nalo. Kikundi chenu cha kisomo kinaweza kutengeneza moja, likatunzwa kwa katibu, na kila mwenye shida akaliazima pamoja na ile karatasi ya ruhusa. Watu kumi wakichangia misumari, hakuna atakayeona uzito.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, mwezi uliopita mlipoteza kuku wangapi? Wangapi kwa ugonjwa na wangapi kwa mnyama? Andikeni hesabu.

2. Je, yuko mtu kijijini anayetumia sumu? Nani kati yenu ataongea naye, na atamwambia nini?

3. Kwa nini pengo la kijiti cha kufyatua lazima litazame mlangoni? Chongeni kijiti kimoja, mjaribu kuligeuza, mwone litakalotokea.

4. Mtu ameumwa na mnyama saa mbili asubuhi. Hospitali iko mbali. Tajeni kwa mpangilio mambo atakayofanya.

5. Afisa Wanyamapori wa Wilaya yenu ofisi yake iko wapi? Mchagueni mtu mmoja aende akaulize kabla ya mkutano ujao.